Uzi: Ukibuni lugha yako ya programu, utairuhusu iulize "wewe ni klasi gani?"

#1 mkwezi_wa_msimbo

Wakuu, salaam.

Kuna ubishi mmoja naukuta kila ninaposoma mapitio ya kodi (msimbo wa programu, si ya serikali). Mtu kaweka `instanceof`, ile opereta ya kuuliza kama objekti ni ya klasi fulani, mwenzake anamjia juu kwamba huko si kuandika kwa objekti, ni `if` zilizovaa joho. Wa kwanza anajibu "mbona inafanya kazi", wa pili anamwambia akasome upya. Mjadala unaishia hapo na kila mtu anaondoka na alichokuja nacho.

Naomba leo tuuhamishe. Tuache kodi ya fulani, tuseme wewe ndiye unayebuni lugha. Ina klasi (ramani ya kutengenezea objekti), ina kurithi (klasi kuchukua ya mzazi wake), ina methodi (kazi unazoweza kuiita objekti ifanye). Je, utaweka opereta ya kuiuliza objekti klasi yake wakati programu inatembea? Ukiiweka, ijibu nini hasa? Usipoiweka, watu watafanyaje siku wakibanwa?

Natoa msimamo wangu mapema ili mpate pa kurushia mawe. Naona tunachanganya maswali matatu kana kwamba ni moja. Kuna "wewe ni klasi hii hii, si mtoto wake?" Kuna "wewe ni wa ukoo huu?", yaani klasi hii au yoyote iliyorithi kwake. Halafu kuna "unaweza kufanya jambo hili?", ambalo halijali ukoo kabisa. Smalltalk-80 iliyatenga vizuri: `isMemberOf:`, `isKindOf:`, `respondsTo:`. Objective-C ikayarithi karibu yote kama yalivyo, Ruby nayo ina `instance_of?`, `is_a?` na `respond_to?`. Lugha zilizokuja na opereta moja tu zimewazoesha watu kufikiri kwamba swali ni moja.

Kwa maoni yangu swali la kwanza karibu halihitajiki. La pili ni salama pale tu ambapo orodha ya klasi imefungwa na mwenye orodha ni wewe. La tatu linasifiwa kupita kiasi. Karibuni.

#2 bata_mtulivu

Mkuu umeanza vizuri, ukaharibu mwishoni. Hilo la tatu ndilo swali pekee lenye maana.

Mimi nikipokea kitu na ninataka kukisoma mstari kwa mstari, ukoo wake wa nini? Kinaweza kuwa faili, kinaweza kuwa soketi, kinaweza kuwa maandishi yaliyo kwenye kumbukumbu, kinaweza kuwa kitu alichotunga mtu ambaye hajawahi kusikia jina la klasi yangu. Kama kina `read`, nakisoma. Nikiandika `isinstance(f, Faili)` nimewafungia mlango watu ambao kodi yangu ingewahudumia bila shida yoyote.

Na kusema kweli hata `respond_to?` siipendi sana. Ita methodi. Ikikosekana, kosa litajitokeza lenyewe. Kuuliza kwanza halafu kuita ni kufanya kazi moja mara mbili.

#3 kompaila_kali

> Ita methodi. Ikikosekana, kosa litajitokeza lenyewe.

Litajitokeza lini, na mbele ya nani? Ndiyo maana sisi wengine tunataka kompaila, ile inayokagua kodi na kuigeuza ya mashine, ilione kabla mteja hajaliona.

Ila twende kwenye hilo la "unaweza". Hii hapa Python, fupi kabisa, ya kulainisha orodha zilizomo ndani ya orodha:

```python
def bapa(x):
    for k in x:
        if hasattr(k, "__iter__"):
            yield from bapa(k)
        else:
            yield k

list(bapa([1, [2, [3]]]))     # [1, 2, 3], safi
list(bapa([1, ["ab", 2]]))    # RecursionError
```

Ya pili inaanguka kwa nini? Kwa sababu neno "ab" nalo linapitika herufi moja moja. Unaingia ndani unakuta "a", na "a" nayo ni neno lenye herufi moja, nalo linapitika, ndani yake mna "a" tena, na tena, mpaka Python inakata tamaa. Swali liliulizwa kwa haki na jibu lilikuwa la kweli, lakini mwandishi hakutaka kujua kama kitu kinapitika. Alitaka kujua kama ni chombo cha kubebea vitu vingine, na hilo ukoo ungemjibu vizuri zaidi kuliko uwezo.

Kichekesho ni kwamba kwenye Python 2 kodi hiyo hiyo, ukibadilisha `yield from` kuwa kitanzi cha kawaida, ilikuwa inapona. Maandishi ya kawaida hayakuwa na `__iter__`, yalipitiwa kwa njia ya `__getitem__`. Kuhamia Python 3 yakapewa. Maana ya swali la uwezo ilibadilika chini ya miguu ya watu bila wao kugusa mstari.

#4 nimekaa_pembeni

Nimeweka kiti, endeleeni. Ila bata_mtulivu hapo umepigwa.

#5 bata_mtulivu

Sijapigwa popote. Huyo alitakiwa aulize swali sahihi. Swali baya likijibiwa vibaya usimlaumu aliyejibu.

Na ukoo nao unadanganya. `isinstance(True, int)` inarudisha kweli, kwa sababu tangu Python 2.3, mwaka 2003, `bool` ni mtoto wa `int`. Andika kodi ya kutoa data kwenda faili la mipangilio, tawi la kwanza liwe `if isinstance(x, int): return "%d" % x`, uone `True` zako zote zinavyotoka zikiwa `1`. Ukoo ulijibu "ndiyo, ni namba", na hakuna mwenye akili timamu aliyetaka jibu hilo.

#6 kompaila_kali

Hapo nakubaliana nawe, lakini angalia kilichokosewa. Aliyekosea ni aliyeamua `bool` irithi kwa `int` ili kodi za zamani zisivunjike. Barbara Liskov, mtafiti wa lugha za programu, alishalizungumza tangu 1987: mtoto anatakiwa akae mahali pa mzazi bila mtumiaji kushtuka. Pale watu wanaposhtuka, opereta inasema tu kilichoandikwa kwenye cheti.

#7 zamani_dhahabu

Vijana, hili jambo ni la zamani kuliko mnavyodhani. Simula 67 ya Dahl na Nygaard, kule Norwei, ndiyo lugha iliyotuletea klasi na kurithi, na maswali haya yalikuwamo tangu siku hiyo. Ilikuwa na `is` kwa klasi ile ile na `in` kwa ukoo, na juu yake kulikuwa na muundo mzima wa kuchagua kwa klasi:

```
inspect u
   when Duara do ...
   when Mraba do ...
   otherwise ...
```

Tazama vizuri. Hiyo `switch` ya aina ambayo leo inatangazwa kama mpya, Simula ilikuwa nayo.

Sasa sikiliza kilichofuata. Bjarne Stroustrup aliitumia Simula kabla ya kubuni C++, na alipofika kwenye C++ aliliacha jambo hili nje makusudi. Aliona watu wanalitumia `inspect` mahali ambapo methodi ya kurithiwa ingetosha, wakatapakaza maamuzi ya klasi kila kona. Akaona dawa ni kutowapa.

Ikawaje? Kila maktaba kubwa ya C++ ikajitengenezea ya kwake. Hii ina namba ya aina ndani ya kila objekti, ile ina methodi ya kurudisha jina, nyingine ina makro za kutisha, na mbili kati yake hazielewani ukiziunganisha kwenye programu moja. Mwisho `dynamic_cast` na `typeid` zikaingizwa, na kiwango cha 1998 kikazipitisha. Kwa hiyo mkwezi, swali lako la "usipoiweka watu watafanyaje" lina jibu la kihistoria: wataitengeneza wenyewe, vibaya, kila mmoja kwa namna yake.

#8 mwanagenzi_wa_java

Samahani wakuu, mimi bado najifunza. Nimeambiwa hii ni mbaya, ila sijaelewa ubaya uko wapi:

```java
double eneo(Umbo u) {
    if (u instanceof Duara d) return Math.PI * d.r * d.r;
    if (u instanceof Mraba m) return m.upande * m.upande;
    throw new IllegalArgumentException();
}
```

Mbona inasomeka vizuri tu?

#9 mkwezi_wa_msimbo

Mdogo wangu, inasomeka vizuri, na hapo ndipo mtego ulipo.

Leo una Duara na Mraba. Kesho mwenzako anaongeza `Pembetatu extends Umbo`. Kompaila haisemi kitu, majaribio yako ya zamani yanapita, halafu programu inaangukia kwenye ule mstari wa mwisho siku pembetatu ya kwanza ikifika. Kama una `eneo`, `mzingo`, `chora` na `hifadhi`, una sehemu nne za kukumbuka, na hakuna chochote kinachokukumbusha. Ukiiweka `eneo()` ndani ya `Umbo` kama methodi isiyo na mwili, anayeongeza Pembetatu hawezi hata kukompaili mpaka aiandike. Hilo ndilo jibu la vitabuni na ni zuri.

Lakini sikubali kwamba ndilo jibu la kila mahali. Chukua mti wa sintaksia ndani ya kompaila: kuna `Jumlisha`, `Zidisha`, `Namba`, `Kigeu`, `Wito`. Juu yake unataka kukagua aina, kurahisisha, kutoa kodi ya mashine, kuchapisha vizuri, kuhesabu vigeu visivyotumika, na wiki ijayo utakuja na operesheni nyingine ambayo hukuifikiria. Ukiziingiza zote kama methodi za `Jumlisha`, klasi ya kujumlisha namba mbili itajua habari za rejista za prosesa. Hapa aina ni chache na hazibadilikibadiliki, ila operesheni hazina mwisho. Philip Wadler mwaka 1998 aliupa mvutano huu jina la tatizo la mielezo: kuongeza aina mpya na kuongeza operesheni mpya, bila kugusa kodi ya zamani na bila kupoteza ukaguzi wa kompaila. Methodi za klasi zinakurahisishia upande mmoja, kuchagua kwa klasi kunakurahisishia ule wa pili.

Kwa miaka mingi tuliambiwa dawa ni mbinu ya Mgeni: kila klasi inapokea mgeni na kumwambia "mimi ni Jumlisha". Ni mbinu halali. Ila tuwe wakweli, hilo nalo ni swali lile lile la klasi, limepitishwa mlango wa nyuma kwa gharama ya methodi za `pokea` zilizojaa kila mahali.

Ndiyo maana nasema kilichokosekana kwenye `instanceof` ya zamani ni orodha iliyofungwa. Java 17, mwaka 2021, ilileta klasi zilizofungwa, na Java 21 ya 2023 ikaleta `switch` inayochagua kwa aina. Tazama:

```java
sealed interface Umbo permits Duara, Mraba {}
record Duara(double r) implements Umbo {}
record Mraba(double upande) implements Umbo {}

double eneo(Umbo u) {
    return switch (u) {
        case Duara d -> Math.PI * d.r() * d.r();
        case Mraba m -> m.upande() * m.upande();
    };
}
```

Hakuna `default`. Ongeza Pembetatu kwenye `permits` na kila `switch` ya namna hii inakataa kukompaili mpaka uishughulikie. Swali ni lile lile la ukoo, mwanagenzi, ila safari hii kuna anayekukumbusha. Scala na Kotlin walikuwa huko kabla. Ukitaka kujiharibia, weka `default` hapo, utarudi ulikotoka.

#10 mwanagenzi_wa_java

Ahsante sana mkuu, sasa nimeelewa kwa nini `default` ilikuwa inakatazwa kule kwenye mafunzo. Walikataza tu bila kusema sababu.

#11 bata_mtulivu

Mkwezi hilo la orodha iliyofungwa limeniingia, ingawa ni kwa kodi iliyo yako mwanzo mwisho. Ukiandika maktaba ya watu wengine, orodha siyo yako.

Naomba mtu aniambie, watu wa Java, mbona mpaka leo hamjakubaliana kuandika `equals`? Wengine `instanceof`, wengine `getClass()`. Ni methodi ya mistari mitano!

#12 kompaila_kali

Kwa sababu ndani yake mna lile swali la kwanza na la pili yakigombana, na hakuna anayeshinda.

Una `Nukta` yenye x na y. `NuktaRangi` inarithi na kuongeza rangi. Ukitumia `instanceof`, `nukta.equals(nuktaRangi)` inaangalia x na y tu na kusema ndiyo. Igeuze, `nuktaRangi.equals(nukta)`: Nukta siyo NuktaRangi, inasema hapana. A ni sawa na B lakini B si sawa na A. Vitupie kwenye `HashSet` na jibu la "kimo au hakimo" litategemea nani kaingia kwanza.

Basi unahamia `getClass() !=`. Usawa unarudi, lakini sasa kila mtoto ni mgeni, hata yule ambaye hakuongeza chochote. Maktaba za hifadhidata zinazotengeneza klasi mbadala kisirisiri, ili zichelewe kupakia data, zinakupa objekti ambayo ni mtoto wa `Mteja`. Ukiilinganisha na `Mteja` halisi wa rekodi ile ile, hawafanani. Utatafuta kosa hilo mpaka uchoke kwa sababu ukichapisha zote mbili zinaonekana pacha.

Njia ninayoifuata mimi: klasi ya thamani iwe `final`, au tumia `record` ambayo haiwezi kurithiwa. Hapo maswali mawili yanakuwa na jibu moja na ugomvi unakwisha.

Na kabla hamjaisifu sana Java, kumbukeni haiwezi hata kuuliza nusu ya aina zake. `new ArrayList<String>().getClass() == new ArrayList<Integer>().getClass()` ni kweli. Jenerik za Java 5 (zile aina za ndani kama `<String>`), mwaka 2004, zinafutwa baada ya kukompaili ili kodi za zamani ziendelee kufanya kazi. C# mwaka uliofuata walichagua kuzibakiza. TypeScript wakaenda mbali zaidi, aina zote zinafutika. Mnaobuni lugha amueni hili mapema, maana swali la klasi haliwezi kujibu kuhusu kitu ambacho kompaila imeshakitupa.

#13 jicho_la_tatu

Mnajadili kana kwamba "klasi ile ile" ni jambo lililo wazi. Sivyo.

Kwenye mashine ya Java, klasi inatambulika kwa jina lake pamoja na kipakiaji kilichoileta. Seva ikipakia maktaba yako mara mbili kupitia vipakiaji viwili, utapata ujumbe kwamba `Mteja` haiwezi kugeuzwa kuwa `Mteja`. Jina moja, baiti zile zile, klasi mbili. Kwenye kivinjari nako, safu iliyotengenezwa ndani ya fremu ya ukurasa mwingine ukiiuliza `instanceof Array` inajibu siyo, kwa kuwa kila fremu ina `Array` yake. Ndiyo sababu toleo la 2009 la kiwango cha JavaScript lilileta `Array.isArray`.

Ila mimi hoja yangu ni nyingine. Mmezungumzia kuuliza klasi tu. Lugha nyingi hazikuishia hapo: ukishaipata klasi unaweza kuorodhesha methodi zake, kusoma sehemu zilizofichwa, kutengeneza objekti kwa jina lililoandikwa kama maandishi. Java imekuwa na uwezo huo tangu toleo 1.1. Na yote yanaanzia kwenye `getClass()`, methodi ambayo kila objekti inayo. Maana yake ukinipa objekti yoyote, umenipa na ufunguo wa kuifungua tumbo.

Gilad Bracha na David Ungar mwaka 2004 waliandika kuhusu vioo, wakitumia mambo yaliyokuwa yamefanyika kwenye lugha ya Self. Wazo lao ni kwamba objekti yenyewe isijibu maswali ya undani wake. Anayetaka kuchungulia aombe kioo kwa chombo tofauti, na kioo hicho kinaweza kuwa cha kusoma tu, au cha programu iliyo kwenye mashine nyingine, au kisiwepo kabisa. Mbunifu wa lugha akifuata hivyo anaweza kutoa programu isiyo na mashine za kuchungulia ndani yake.

Faida yake inaonekana wakati wa kupunguza ukubwa. Kompaila inataka kutupa kodi isiyoitwa na yeyote. Lakini kama mtu anaweza kusema `Class.forName(jina)` na `jina` limetoka kwenye faili, kompaila itajuaje kipi hakiitwi? Ndiyo maana wanaogeuza Java kuwa programu asilia (ya lugha ya mashine moja kwa moja) kwa zana ya GraalVM hulazimika kutaja kwenye mipangilio klasi zipi zitachunguliwa. Na Dart, pamoja na kuwa na maktaba ya vioo, ndani ya Flutter, fremuweki yake ya kujengea programu za simu, hairuhusiwi, kwa sababu hiyo hiyo.

#14 nimekaa_pembeni

Jicho, sasa fremuweki zitaishi vipi? Zote zinazosoma data na kuigeuza objekti zinategemea kufungua matumbo hayo hayo.

#15 jicho_la_tatu

Zipe kioo waziwazi, au zitoe kodi wakati wa kukompaili. Java yenyewe imeanza kubana: tangu moduli za Java 9, mwenye moduli anaamua nani afunguliwe ndani, na asiyefunguliwa anapigwa `InaccessibleObjectException`. Watu walilalamika sana, na wengi waliolalamika walikuwa wamejenga juu ya vitu ambavyo hawakuahidiwa.

#16 gofa_wa_usiku

Nachelewa kuingia ila naona Go haijatajwa, na ina mfano mzuri kwa hoja ya bata na dhidi yake kwa wakati mmoja.

Kwenye Go hutangazi kwamba unatekeleza kiolesura (orodha ya methodi zinazotakiwa). Ukiwa na methodi zinazotakiwa, umeshakitekeleza. `io.Copy` inapokea chanzo na mapokeo, na kabla ya kunakili kwa mkono inauliza: chanzo, unayo `WriteTo`? Mapokeo, unayo `ReadFrom`? Mmoja akisema ndiyo anaachiwa kazi aifanye kwa njia yake ya haraka. Hakuna anayejibu, inarudi kwenye kitanzi cha kawaida. Hapa swali la uwezo limekaa mahali pake hasa, kwa sababu jibu la "hapana" halivunji kitu. Linachelewesha tu.

Sasa upande wa pili. Unaandika seva ya wavuti, unataka kurekodi namba ya hali ya kila jibu. Unafunika `http.ResponseWriter` ndani ya struct yako, unaongeza sehemu moja, unaandika `WriteHeader` yako. Kila kitu kinakwenda. Isipokuwa kurasa zilizokuwa zinatiririsha data kidogo kidogo sasa zinakaa kimya mpaka mwisho. Kilichotokea ni kwamba objekti ya ndani ilikuwa na `Flush`, ila kifuniko chako hakina. Aliyeuliza "wewe ni `http.Flusher`?" amejibiwa hapana. Hakuna kosa, hakuna onyo, uwezo umepotelea kwenye kifuniko.

Kwa hiyo mimi namuunga mkono mkwezi kwamba swali la tatu linasifiwa kupita kiasi, ila kwa sababu tofauti na ya kompaila_kali. Shida yake kubwa ni vifuniko.

#17 bata_mtulivu

Hoja ya vifuniko naikubali, hata Ruby tunayo. Ukiandika `method_missing` ya kupitisha wito kwenda ndani, methodi zinaitika lakini `respond_to?` inasema hazipo, mpaka uandike na `respond_to_missing?`. Wengi husahau ya pili.

Lakini hapa ndipo naipenda ile njia ya Smalltalk ambayo hamjaitaja: objekti ijibu yenyewe. `Object` ina `isString` inayorudisha uongo, `String` inaibadilisha irudishe kweli. Kifuniko kikitaka kuhesabiwa kama maandishi, kinasema hivyo. Jibu linakuwa la objekti, halipo mikononi mwa opereta.

#18 zamani_dhahabu

Na `Object` inajaa methodi za `isHiki` na `isKile` mpaka inakuwa daftari la klasi zote za dunia. Nimeyaona.

Nyongeza moja kwa wale wanaodhani lugha safi haiulizi klasi: `catch (KosaLaFaili e)` inafanya nini? Kosa linarushwa, mashine inapanda ngazi moja moja ikiuliza kila kikamataji, "hili ni la ukoo wako?" Hilo ni swali la ukoo, linaulizwa programu ikitembea, juu ya orodha iliyo wazi kabisa. Na sijawahi kuona mtu akilipinga kwenye mapitio ya kodi.

#19 mwanagenzi_wa_java

Swali la mwisho wakuu. Nimesikia `instanceof` inachelewesha programu. Ni kweli?

#20 kompaila_kali

Kwa klasi ya kawaida, karibu bure. Kwenye HotSpot, mashine inayoendesha programu za Java, kila klasi inabeba safu fupi ya mababu zake iliyopangwa kwa kina: nafasi 0 ni `Object`, inayofuata ni mtoto, na kuendelea, kwa kawaida nafasi 8. Kuuliza "wewe ni wa ukoo wa Umbo?" ni kusoma nafasi moja kwenye safu na kulinganisha anwani moja. Haipandi ngazi. Wazo hilo Norman Cohen alilichapisha 1991.

Violesura ni habari nyingine, maana klasi moja inaweza kutekeleza vingi na haviwezi kupangwa kwenye mstari mmoja. Hapo mashine inatafuta kwenye orodha ya pembeni, na huweka akiba ya jibu la mwisho ili isirudie.

C++ ndiyo ya kuangalia. `dynamic_cast` kwenye kurithi kwa wazazi wengi inabidi itembee kwenye grafu ya klasi, na baadhi ya mazingira hulinganisha majina ya klasi herufi kwa herufi ili maktaba mbili zilizopakiwa tofauti zielewane. LLVM, mkusanyiko wa zana za kujengea kompaila, kwa kawaida hukompailiwa bila mfumo huo wa kuuliza klasi kabisa. Wana `isa<>`, `cast<>` na `dyn_cast<>` za kwao, zinazosoma namba ya aina iliyo ndani ya kila objekti. Ile ile aliyosema zamani_dhahabu pale juu, isipokuwa safari hii lugha ilikuwa imeshawapa opereta na bado wakaikataa.

Kwa kodi yako ya Duara na Mraba, mwanagenzi, usipime kasi. Weka `sealed`, toa `default`, endelea.